Pazia Fupi la Mlangoni Kwetu

Kiponda, Unguja
Jumaatano, baada ya alasiri

Mwanangu Asya,

Watu wakiandikiana barua huanza kwa kuulizana hali. Mimi hali yako naijua, maana uko chumba cha pili unapanga sanduku, na nnakusikia ukilikalia kifuniko ili lifunge. Halitofunga. Toa kile kiatu cha kisigino. Lakini sikukaa kuandika hayo. Ya chakula, ya dawa ya homa, ya kutokuinamia bahari ukiwa melini, yote nimeshakwambia mpaka jana ukanambia, "Mama, umebakisha kunifundisha kupumua tu." Basi la kupumua nakuachia mwenyewe.

Barua hii utaikuta Tanga. Nimeitia ndani ya mikunjo ya kile kitambaa cheupe nilichokipata kwa foleni, kilichomo katika furushi lako la mkononi, kwa sababu nakujua, hutokifungua mpaka uwe na mlango wako wa kukitundika. Ningeweza kukwambia haya sasa hivi, uso kwa uso, hatua chache tu baina yetu. Nimejaribu mara mbili leo. Mara ya kwanza nikakuuliza kama umechukua sabuni. Mara ya pili nikakuuliza tena kama umechukua sabuni.

Nnaandika kwa sababu ya neno ulilolisema juzi. Bi Kidawa alipokuja kukuaga alitwambia kuwa safari yake ya Tanga kamwona Bi Thuwaiba, jirani yetu wa zamani, anakaa Ngamiani, bado anashona, na kuwa ukifika umtafute, kwani msichana anayesomea uuguzi ugenini anataka mtu mzima wa kumkimbilia. Wewe ukajibu bila ya kuinua uso, "Mtu aliyeondoka bila ya kutuaga, mie nkamtafute wa nini?" Bi Kidawa akanitazama mimi. Nikainuka, nikasema nnakwenda jikoni kutazama chai, na chai ilikuwa mbele yetu kwenye sinia.

Asya, Bi Thuwaiba alikuja kutuaga. Alisimama nje ya mlango wetu akapiga hodi mara tatu. Mimi nilikuwepo, na sikumwitika. Kisha nikakwambia kuwa hakuja, na miaka minane nimekuacha umchukie mtu asiye na kosa.

Ntakueleza ilivyokuwa, lakini lazima nianze na pazia. Ndiyo, hilo hilo fupi, ulilolionea haya tangu ulipoanza kuleta wenzako wa skuli nyumbani. Nilikuwa nikikuona unavyolishika pindo ukalivuta chini, kama linaweza kurefuka. "Mama," uliniuliza siku moja, "wewe unawashonea watu mpaka nguo za maharusi, mlango wetu unauvisha suruali fupi?" Nikakujibu kuwa ntalishona kesho. Nimekujibu hivyo miaka yote.

Tulipohamia nyumba hii ulikuwa na umri wa miaka saba, na mimi nilikuwa sijui kushona ila kifungo, nacho kikikaa upande. Mlangoni tulitundika kanga kuukuu. Mlango wa Bi Thuwaiba ulikuwa umekabili wetu, hatua nne za ukumbi, na kwake kulikuwa na pazia la kitambaa cha bafta lililoshuka likagusa kizingiti, upepo ukilipiga linajaa taratibu na kurudi mahala pake. Mimi kila nikitoka naliona hilo, nikigeuka naiona kanga yangu. Ikaniuma. Wakati huo nilikuwa mtu wa kutazama sana watu wataonaje.

Yeye alinizidi kama miaka kumi, hakujaaliwa mtoto, na mumewe alikuwa na duka la vyombo Mlandege. Alikuwa na cherehani ya mkono, na mkasi mmoja mzito wa chuma, vishikio vimechubuka rangi, ambao hamwazimi mtu. Wewe ulikuwa ukishinda kwake ukimwokotea pini sakafuni. Akakushonea kijifuko cha kuzitilia, chekundu, na hakukuita Asya hata siku moja. Alikuita binti yangu.

Sikukuu ya Mfunguo Tatu, ile ya kuchinja, ikikaribia nikanunua kitambaa cha marekani sokoni Darajani, nikavuka ukumbi. Nikamwambia, "Bi Thuwaiba, nnataka pazia, na nnataka nilishone mwenyewe." Alicheka kidogo, akakishika kitambaa baina ya vidole, akakisugua.

"Kina wanga hiki," akasema. "Karoweke kwanza, ukaushe, uje tukate."

"Sikukuu ni Jumaatatu."

"Kitambaa hakijui Sikukuu, Mama Asya. Kinajua maji tu. Kitarudi."

Nikamwambia siwezi kukitia maji kitambaa kipya, kikapoteza ule ugumu wake, wageni wakaja wakakidhania cha zamani. Hakubishana nami. Alinipa ule mkasi, mkasi asiouazima, akanionesha namna ya kukata kwa kuufungua mdomo wote, siyo kutafuna tafuna. Akanifundisha kupiga bandi kwanza, zile hatua ndefu za uzi za kukishikilia kitambaa kabla ya mshono wenyewe. Akanambia na hili: pindo la chini lisishonwe mpaka pazia limetundikwa siku mbili tatu, lijivute kwa uzito wake. Hilo nalo sikulifuata. Nilikata sawasawa na urefu wa mlango, nikapinda, nikashona, nikatundika siku moja kabla ya Sikukuu, na wageni walilisifu kweli. Nilikuwa na furaha siku ile, siwezi kukuficha.

Wiki mbili baadaye likamwagikiwa mchuzi, nikalifua. Lilipokauka nikalitundika, na lilikuwa limepanda juu shibiri nzima na vidole viwili. Nilisimama ukumbini nikilitazama, Bi Thuwaiba akatoka kwake akasimama ubavuni kwangu. Mwengine angesema, si nilikwambia. Yeye aliangalia ule uwazi wa chini, akasema, "Haidhuru. Sasa utajua mgeni kaja na viatu gani kabla hajasema hodi." Tukacheka mpaka nikakaa chini. Akanambia nitafute kipande cha marekani, atanionesha namna ya kuunga bila ya mshono kuonekana. Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa miezi.

Kisha yakaja Mapinduzi. Ya siku zile utayasikia kwa wengi, kila mtu na yake aliyoyaona, na sina haki ya kukusimulia yasiyonipata. Mimi ntakwambia ya zile hatua nne za ukumbi. Mume wa Bi Thuwaiba alichukuliwa, akakaa huko siku kadhaa, akarudi kakonda na hasemi. Duka halikufunguliwa tena. Baba yako naye ndiyo kwanza kapata ile kazi ya ukarani bandarini, na siku moja akaja akanambia polepole, "Siku hizi kila mlango una macho. Jirani yako mpende moyoni." Hakuniamrisha zaidi ya hapo. Sitaki uje umwekee baba yako mzigo huu, maana alikuwa hayupo nyumbani saa ile ninayotaka kukueleza.

Nilianza na madogo. Ramadhani iliingia siku zile zile, na Bi Thuwaiba akatuletea sahani ya futari, tambi za nazi, kama kila mwaka. Unajua kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu, hata kama ni tende mbili utazitia. Mimi nilimrudishia tupu. Niliiosha vizuri sana, nikaifuta, nikakupa wewe uipeleke. Hukuona kitu, ulikuwa mtoto. Yeye aliona. Siku ya pili hakuleta, na mimi, Mungu anisamehe, nikashusha pumzi.

Miezi michache baadaye, asubuhi, wewe uko chuoni kwa mwalimu wa Kurani na baba yako kazini, nikasikia masanduku yanaburutwa. Nilikuwa nachagua mchele. Nikasikia mumewe anashuka ngazi na mchukuzi. Kisha nikasikia, "Hodi."

Niliinuka, Asya. Hilo nataka ulijue, miguu yenyewe iliinuka kwa mazoea, nikafika mpaka kwenye pazia, mkono wangu umeshanyanyuka kulifungua. Pale barazani chini, ambapo mtu akiinua macho anauona ukumbi wetu, walikuwa wamekaa watu, na mmoja wao akacheka. Sijui alicheka nini. Huenda hakucheka yetu. Mimi nikasimama pale pale na mkono wangu hewani.

"Hodi, Mama Asya."

Hata ungo wa mchele nilikuwa nimeuweka chini polepole usilie.

"Hodi."

Ya tatu hiyo. Mtu mwenye adabu zake akishapiga ya tatu asiitikwe, anajua mwenyewe hayupo au hataki, anakwenda zake. Nikangoja nisikie akiondoka. Hakuondoka. Ndipo nikatazama chini, nikayaona makubadhi yake, yale ya ngozi nyekundu, yameelekea kwangu. Na mbele yake, kwa upande wangu wa pazia, miguu yangu mitupu. Kile kidole changu kilichopinda alikuwa akikijua vizuri kabisa, maana yeye ndiye aliyekuwa akinitia hina kila Sikukuu.

Tulisimama hivyo. Sijui muda gani. Ningeweza kurudi nyuma hatua moja, nikaona hata hiyo itakuwa ni kumtukana. Ningeweza kusema karibu. Lilikuwa neno moja, nimelisema maisha yangu yote bila ya kufikiri, na siku ile halikutoka.

Akasema, kwa sauti yake ya kila siku, kama tunavyosemezana, "Mkasi nakuachia, Mama Asya. Binti yangu nisalimie." Nikaona mkono wake unashuka, unaweka kitu kizingitini. Makubadhi yakageuka. Nikayasikia ngazi nzima mpaka chini, na hapana mtu barazani aliyesema neno.

Nilipofungua pazia nilikuta mkasi, umefungwa ndani ya kipande cha marekani. Nikakikunjua. Kilikuwa kimekwisha rowekwa na kufuliwa, laini, kingo zake zimeshonwa, upana ni upana wa mlango wetu, na urefu shibiri na vidole viwili. Alikuwa amepima kwa macho tu akipita. Sijui alikishona lini, katika siku zile ambazo mumewe hasemi na nyumba inafungwa. Nilikaa chini nikalia, lakini kulia kwangu hakukumfaa kitu, yeye alikuwa ameshafika bandarini.

Ukarudi kutoka chuoni ukauliza, "Bi Thuwaiba yuko wapi?"

"Wameondoka."

"Hajaniaga?"

Salamu zako zilikuwa mdomoni kwangu, mbichi, hazijatimia hata saa tatu. Ningekupa, ungeuliza mimi nilimjibu nini. Nikasema, "Hakumuaga mtu." Ulikwenda ukasimama mbele ya mlango wake uliofungwa. Kisha ukaenda kukitupa kile kijifuko chekundu kwenye pipa la taka, na mimi nilikuona nikakuacha. Nilikitoa baadaye. Kimo humu humu ndani ya kitambaa, na pini zake.

Nimejiuliza mara nyingi, lau ningeitika ingekuwaje. Huenda baba yako angepoteza kazi. Huenda lisingekuwa lolote, tungekumbatiana, angekwenda zake. Mpaka leo sijui, na khofu ya siku zile ilikuwa ya kweli, usije ukamcheka aliyeogopa. Lakini nikikwambia kuwa niliogopa kwa ajili yako na baba yako, ntakuwa nakudanganya mara ya pili. Saa ile sikuwafikiria nyinyi. Nilimfikiria yule aliyecheka barazani, nikaogopa asije akainua macho. Ilikuwa ni ile ile tabia yangu ya Sikukuu, ya kutazama watu wataonaje. Hilo ndilo lililonitia haya kuliko yote.

Baba yako nilimwambia mwaka wa pili yake. Aliacha kula, akasema, "Mimi nilisema umpende moyoni, sikusema umfungie mlango." Kisha akasema tena, "Lakini huenda ndivyo nilivyosema." Hatukulizungumza tena.

Basi sasa unajua kwa nini sikulirefusha. Mwanzoni nilishindwa tu, kila nikikishika kile kipande nakirudisha kashani. Baadaye nikaona heri libaki vile vile, ili kila anayepiga hodi kwangu aione miguu yangu, nisipate tena pahala pa kujificha. Ndiyo maana nimemwitika kila mtu. Nimemwitika yule mwanamke wa chini anayeomba chumvi mara tatu kwa siku, wewe ukininong'oneza, "Mama, nyamaza, atadhani hatupo." Nimejifunza kushona kwa ule mkasi, nawe nilikudanganya kuwa aliniuzia zamani, nimeshonea nusu ya mtaa huu, na kila ninapoufungua mdomo wote kukata kitambaa namsikia mwenyewe akinambia usitafune.

Kitambaa nilichokutilia nimekiroweka mara tatu. Hakina tena pa kurudi. Kikate ukiwa umeshalala siku mbili katika chumba hicho, ujue jua linaingia wapi na nani anapita nje. Acha pindo kubwa chini, kiganja kizima, na usilishone mpaka pazia lining'inie. Mshono wa kwanza utakwenda upande, uache, usiufumue, hakuna atakayeuona ila wewe. Na lishone refu, mwanangu, likaguse sakafu. Lile fupi ni langu.

Mkasi umo katikati, nimeufunga kwa kitaulo. Si wako. Nakuomba umpelekee mwenyewe. Mtaa ni ule aliokutajia Bi Kidawa, Ngamiani.

Ukifika mlangoni kwake piga hodi. Akiitika, ingia, mwamkie, umwambie wewe ni nani, maana alikuacha una mapengo. Mpe mkasi, mweleze niliyokueleza, kama yalivyo, usinipambe. Usimwombe msamaha kwa niaba yangu. Nikijaaliwa afya ntakuja kupiga hodi mwenyewe, na hiyo itakuwa zamu yangu ya kusimama nje.

Na asipoitika, usikasirike, na usiiname kutazama chini ya pazia. Ana haki hiyo. Piga ya tatu, weka mkasi kizingitini, sema kwa sauti ya kawaida, "Mama Asya anakusalimia," uende zako. Siku nyengine urudi tena.

Nnasikia sanduku limefunga. Kumbe umekitoa kile kiatu. Sasa utaniita, nami ntaitika naam, ntakuja kukufungia kamba, na sitosema neno katika haya. Nakupenda, na leo naogopa, kwa sababu ukishaisoma hii utanijua.

Kile kipande alichonishonea nimekibakisha huku kwetu, ndani ya kasha langu, kimekunjwa alivyokikunja mwenyewe. Muulize kama nikiunge. Akisema nikiunge, ntakiunga.

Mama yako